Fungu la Mchanga

Fundi wa kuchomelea mageti na mkewe mshonaji walikuwa hawajawahi kuvuka mpaka. Mwaka huo wakajipa siku chache za mapumziko katika mji wa pwani, ugenini. Asubuhi moja mwenye boti, mtu mcheshi kweli, akawapeleka kwenye fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari.

"Mabegi yaacheni humu humu, yasije yakalowa," akawaambia. "Nafuata chakula, narudi sasa hivi."

Boti ilipopotea machoni, mke akaguna. "Baba watoto, simu na pasipoti zetu zimo mle."

"Wewe nawe! Hata maji ya beseni unayaogopa."

Lakini mume alipogeuka, nyayo zao zilikuwa zimeshamezwa na maji yaliyokuwa yanajaa. Fungu lililokuwa pana kama uwanja wa mpira lilibaki kama mkeka. Mzaha ukamwishia mdomoni. Maji yalipofika magotini wakashikana mikono. Yalipofika kifuani akambeba mkewe mabegani, naye mke akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Bahati yao, boti ya wapiga mbizi ilikuwa inapita, ikawaokoa.

Walipokanyaga ufukwe, walimwona yule mcheshi anasukuma boti yake majini. Ndani walikaa kijana na mchumba wake, mabegi mapajani.

"Shukeni! Jamani, shukeni!" mke akajitahidi kuita huku akikimbia.

Injini ilishanguruma. Yule binti akadhani anaagwa. Akatabasamu, akampungia mkono.