Mshipa Uliopita Njia Yake

Heshima nyingine ni kitanzi, jamani, na Damari alijivisha mwenyewe.

Alikuwa mke wa Chediel, mkulima wa alizeti kule Iguguno, aliyepofuka akiwa kijana. Chediel hakutaka fimbo wala kushikwa mkono. Damari alitangulia akiongea, yeye akaifuata sauti: shambani, kisimani, kanisani. "Macho yangu yako kooni mwako," alikuwa akimtania, na Damari akicheka mpaka majirani wasikie. Kwa hiyo rovu lilipomvimba upande wa kulia wa shingo na kuanza kumbana pumzi, hakuogopa kisu. Aliogopa kupoteza sauti.

Akaenda hospitali na mama mkwe wake, Felista. Daktari Laurian akampapasa shingo, akauliza, "Dada, kabla ya rovu hili, tangu utotoni, chakula kilikuwa kinakukwama?"

Kilikuwa kinakwama, tena sana! Tonge la ugali wa uwele lilimkaa kifuani mpaka alishushie maji. Lakini Felista alikuwa amekaa pale pale, na katika ukoo ule mkamwana kusema chakula cha mkwe hakishuki ni tusi. Wazee huitwa, na wazazi wa binti hutozwa mbuzi.

"Hapana, daktari. Nakula vizuri tu."

"Huyu? Anakula huyu!" Felista akadakia kwa fahari. "Ugali wangu haujawahi kumshinda."

Daktari akaridhika. Akampasua bila kumpiga picha ya kifua.

Damari alipozinduka alimwita muuguzi, ikatoka hewa tupu. Wakamwambia koo limevimba, avumilie. Uvimbe ukaisha, sauti haikurudi. Ndipo wakampiga ile picha, na daktari akaja nayo mwenyewe, uso umemshuka.

"Kwa karibu watu wote," alisema, "neva ya sauti ya upande wa kulia hushuka, ikauzunguka mshipa mkubwa wa damu unaokwenda mkononi, kisha ikapanda kooni. Mshipa wako umeota mahali pengine kifuani, ukapita nyuma ya njia ya chakula na kuibana. Neva haikuwa na cha kuzunguka, ikakatiza moja kwa moja. Mimi nilikuwa naitafuta chini, kumbe nimeshaikata juu. Nimeiunga, lakini sauti yako ya zamani siwezi kukuahidi. Ndiyo maana nilikuuliza kuhusu kumeza. Ungesema ndiyo, ningepiga picha kwanza."

Felista akashika kichwa. "Mbona hukusema, mwanangu? Si ningekukorogea uji tu!"

Damari alimchukia kwa upole ule, na akajichukia mwenyewe zaidi.

Kwenye simu Felista hakuthubutu kumwambia mwanawe. Bajaji ilipowashusha uani, Chediel aliinuka akicheka, mikono ameitanua.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba."

"Mke wangu yuko wapi? Mbona simsikii?"

Damari akasogea mpaka karibu naye, akakusanya pumzi zote alizokuwa nazo. "Niko hapa, baba Eliana," akasema, na ikatoka sauti ya kukwaruza, nyembamba, ya mtu mwingine kabisa.

Chediel akashusha mikono. Akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, kama afanyavyo mbele ya mgeni.

"Karibu, dada. Nawe umetoka huko hospitali?" Akatega sikio kidogo. "Basi niambie wewe, maana mama ananificha. Damari wangu bado mzima?"