Robo Mzunguko wa Nati

Gia iliyong'oka meno mwezi uliopita nusura ituvunjie nyumba. Baba aliichomoa kwenye gari, akaitupa mezani mbele ya timu nzima, akasema, "Binti yangu siku hizi ananikatia biskuti."

Loh! Mimi! Mimi ninayezikata gia hizo kwa mashine, moja moja, na kuzisugua kwa msasa mpaka kucha zinaniisha! Mdomo wangu hauna breki, na anayeshangaa hilo hajakutana na baba yangu. Lakini siku ile niliufunga, nikajikaza kisabuni.

Magari yetu ni ya mashindano, ila ni madogo. Ukilipakata moja utadhani umebeba mtoto mchanga. Yanaendeshwa kwa rimoti na yana kasi ya kukutoa machozi. Mimi hutengeneza gia na kuunga kila kitu kuanzia mota hadi matairi. Baba ndiye dereva. Kaka yangu tunamwita Meneja, kwa sababu ndiye aliyenunua fulana za timu, na tangu siku hiyo hatujapumua.

Meneja ndiye aliyekata kauli: "Gia ikivunjika tena kwenye fainali, Baba anaweka rimoti chini. Nitaendesha mimi."

Baba alikwenda kunawa mikono, akakaa huko bombani muda mrefu mno kwa mtu mwenye mikono safi. Tangu Mama atutoke, ile rimoti ndiyo inayomtoa kitandani. Kabla yake alikuwa anashinda ameutazama ukuta, chai inapoa mbele yake. Nilijua wazi kwamba tukimnyang'anya, tumemrudisha ukutani.

Na nilijua jambo jingine. Gia zangu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kidole chake.

Baba alikuwa fundi saa maisha yake yote. Sasa mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka, na anauficha mfukoni kama mtu aliyeiba. Akiwa kwenye rimoti, kidole kinaruka chenyewe na kukanyaga mafuta. Gari ni la betri, lakini sisi husema mafuta, tusibishane. Kikiruka wakati gari liko hewani juu ya tuta, matairi yanazunguka kama wazimu, kisha yanagusa chini ghafla, na kishindo chote kinalipiga jino moja la gia. Jino gani litastahimili? Mara ngapi nilifungua kinywa nimwambie! Lakini utamwambiaje fundi saa kwamba mkono wake umemsaliti?

Dawa ilikuwepo. Kati ya mota na matairi kuna klachi ndogo, inayobanwa na springi na nati. Ukiilegeza nati, kishindo kikija klachi inateleza kidogo na jino linapona. Ukizidisha, inasuguana mpaka gia inayeyuka, maana ni ya plastiki. Baba hapendi ilegee hata chembe. "Klachi iliyolegea ni uvivu," husema. Na hakuna gari linalotoka mikononi mwake bila kupimwa kwa dole gumba: anayabana matairi ya nyuma yasizunguke, kisha anaisukuma gia kubwa. Ikisogea kirahisi, anajua. Na siku akijua kwamba nimelegeza, atajua pia kwa nini.

Fainali ilifanyika kwenye ghala kuukuu lenye udongo ulioshindiliwa na tuta kubwa katikati. Baba alipokwenda kukagua njia, nilichukua spana nikairudisha nati nyuma robo mzunguko.

"Unafanya nini?" Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Napiga chafya."

"Baba akijua je?"

"Atajua ukimwambia. Na ukimwambia, mwaka huu utakula kwa jirani."

Alinitazama, akatazama gari, akaenda kupanga betri zilizokuwa zimeshapangwa.

Baba akarudi. Akalinyanyua gari, akayabana matairi, akaweka dole gumba kwenye gia. Akasukuma. Akatulia. Akasukuma tena, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mlango wa jirani. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi.

"Sawa," akasema, akaelekea jukwaa la madereva.

Badala ya kufurahi, nilibaki nimeukodolea macho mgongo wake. Hajasikia! Dole lile lililokuwa likijua springi ya saa imechoka kabla saa yenyewe haijasimama, leo halijasikia robo nzima. Kumbe mkono umeshakwenda kiasi hicho. Nilitamani kulia palepale, kati ya gundi na matambara.

Kengele ikalia, magari yakafyatuka. Letu lilianza nyuma, klachi ikipiga mluzi, nami nimeng'ang'ania uzio. Tuta la kwanza, likaruka, likatua, likaenda. Nikashusha pumzi. Likalipita la njano, likalipita la buluu. Lakini kila likinipitia, mluzi ulikuwa mrefu zaidi, na mara nikanusa plastiki inayoungua. Yangu hiyo. Mungu wangu, nimezidisha!

"Linanuka," Meneja akasema.

"Nyamaza."

"Linanuka, nakwambia!"

"Na wewe unanuka, nyamaza!"

Mzunguko wa mwisho, gari likaja tutani kwa kasi. Nikamwona Baba jukwaani bega lake linaruka, nikajua kidole kimeruka nalo. Gari likapiga kelele hewani, likatua kwa kishindo. Nikafumba macho. Klachi ikapiga mluzi, ikapiga, ikapiga, kisha ikashika. Nilipofumbua, lilikuwa limevuka mstari. La tatu! Kombe halikuwepo kwa wa tatu, lakini nilimkumbatia Meneja kwa nguvu mpaka akalalamika.

Mezani nililifungua sanduku la gia mwenyewe. Meno yote yalikuwepo, ila ukingo ulikuwa umegeuka kahawia. Nikanywea.

Baba akavuta kiti. Akatoa mkono wa kulia mfukoni na kuuweka mezani mbele yetu. Ulitetemeka, ukawa unakigongagonga kikopo cha skrubu. Hakuuondoa.

"Robo mzunguko ni nyingi," akasema. "Umeona ilivyoungua? Wiki ijayo legeza nusu ya hapo."

Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nikaokota spana. Kumbe alisikia. Alisikia tangu asubuhi, akasema sawa.

"Na zile hazikuwa biskuti," akaongeza, bila kunitazama. "Zilikuwa gia nzuri."

"Najua, Baba."

"Najua unajua. Haya, kaza."

Nikaikaza nati mpaka nusu ya robo. Nikamsogezea gari apime kama kawaida yake. Akayabana matairi kwa mikono yote miwili, kisha akanigeuzia upande wa gia.

"Weka dole lako wewe," akasema. "Mimi nashika."

Nikaliweka. Kabla sijasukuma, gia ilikuwa tayari inacheza chini ya dole langu kama kile kikopo cha skrubu, kidogo kidogo, bila kukoma.