Stokingi Mbili

Lenzi mpya ya Tabasamu ilikuwa kali mno, na ukali wake nusura umfungie studio. Watu walimpa jina la Tabasamu kwa sababu hiyo ndiyo amri aliyomtolea kila aliyekaa kwenye stuli yake, awe bibi harusi au mfiwa. Lenzi hiyo aliisubiri miezi saba, na ilipofika aliipakata kama mtoto mchanga. Kumbe lenzi yenyewe haina siri. Kila kinyweleo, kila kovu la chunusi, kila mkunjo chini ya jicho, vyote iliviweka hadharani. Wanawake walioingia wakicheka walitoka wamenuna. Mkunga mmoja mstaafu alirudi na picha yake, akaibwaga juu ya kaunta.

"Nilikuja kupigwa picha, baba," akasema. "Sikuja kupigwa eksirei."

Aliyemtoa Tabasamu kwenye shimo hilo alikuwa mkewe, ambaye nyuma ya pazia ndiye aliyekata na kupanga picha zote. Alichukua stokingi yake nyeusi iliyotoboka, akakata kipande, akakitandaza kwenye mdomo wa lenzi na kukifunga kwa mpira mwembamba. Mwanga ukipita kwenye nyuzi zile ulitawanyika kidogo, ngozi ikatulia, macho yakang'aa. Mtu alibaki yuleyule, ila kama aliyepata usingizi wa kutosha. Ukiweka mbili, moja juu ya nyingine, miaka kumi inaaga. Mkunga alipigwa upya, akaagiza nakala sita.

Tatizo likawa moja. Utamwambiaje mwanamke wa watu, ana kwa ana, kwamba uso wake unahitaji stokingi? Ndipo mume na mke wakatunga lugha yao. Tabasamu akichungulia kwenye kamera na kukohoa mara moja, mkewe alileta stokingi moja. Akikohoa mara mbili, alileta mbili. Alitoka nyuma ya pazia na uso mkavu kabisa, akisema, "Ngoja nikusafishie lenzi." Mteja akishatoka, walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Leo umekohoa, bwana wewe, nikadhani una kifua kikuu!"

"Ungemwona kwa lenzi tupu, ungekohoa na wewe."

Miaka kumi na moja walikula kicheko hicho kama mboga ya ndoa yao. Tusiwalaumu sana. Ni nani asiyependa kuwa upande wa wanaocheka?

Kisha binti yao wa pekee, aliyekuwa karibu kuolewa, akaomba picha ya mama yake ya kutundika sebuleni kwake. Tabasamu akapekua makabati yote asiipate hata moja iliyopigwa baada ya siku ya harusi yao. Mganga hajigangi, na mke wa mpiga picha hapigwi picha. Mchana huohuo wakafunga mlango. Mke akavaa gauni lake la zambarau, akajipaka wanja, akaketi kwenye stuli ameuweka mgongo wima. Alikuwa na haya kama mwari.

"Nipige vizuri," akasema. "Usije ukaniaibisha kwa mwanangu."

Tabasamu akainama, akachungulia. Akapima mwanga, akaangalia kidevu, mistari ya pembe za mdomo, weusi chini ya macho. Hakuwa anawaza lolote. Akakohoa. Mara mbili.

Mkewe naye alishanyanyuka kwenye stuli, mkono mmoja umelielekea pazia, kabla akili haijafika. Ilipofika, akaganda palepale, nusu amekaa, nusu amesimama.

"Ni vumbi," Tabasamu akasema haraka. "Vumbi limeniingia kooni."

"Vumbi," akasema mkewe.

Akaenda nyuma ya pazia. Akarudi na stokingi mbili, akazifunga kwenye lenzi kwa mikono yake, kwa unadhifu kama alivyofanya siku zote, kisha akaketi.

"Haya. Piga."

Alipiga. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ya kukohoa ilikuwa kubwa, na ya uongo ule wa vumbi ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu aliyedanganywa ndiye aliyeitunga naye lugha yenyewe. Akazivua zile stokingi.

"Ngoja nipige nyingine, bila kitu."

"Ya nini? Si umeshaona?"

"Tafadhali, mke wangu."

Mkewe akabaki kwenye stuli. Tabasamu akachungulia tena, na safari hii hakuona mkunjo wala weusi. Aliona mdomo wa chini umebanwa kwa meno ili usitetemeke. Akabonyeza.

Siku mbili nzima mkewe alimsemesha ya kazi tu. Karatasi zimeisha. Mteja amefika. Siku ya tatu akaja binti. Tabasamu akamwekea picha zote mbili juu ya kaunta. Ile ya kwanza aliitupia jicho, akasema, "Nzuri," akaisukuma kando. Ya pili aliinyanyua, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, hapa mama kaudhiwa. Nani kamuudhi?"

Nyuma ya pazia, mkasi ukaacha kukata. Tabasamu alikuwa na majibu tele ya kumpa mtoto: mwanga ulimchoma macho, alikuwa amechoka, vumbi. Ulimi ulikuwa tayari.

"Mimi," akasema.

Akamweleza yote: lenzi, stokingi, kukohoa, vicheko vya baada ya wateja kutoka, na jinsi mama yake alivyonyanyuka kwenye stuli. Alisimulia akiitazama kaunta. Alitegemea binti atacheka japo kidogo, maana nyumba ile ilizoea kucheka. Binti hakucheka. Aligeuka akautazama ukuta, mahali ilipotundikwa picha yake ya uchumba ndani ya fremu kubwa kuliko zote. Nakala yake alikuwa amewapelekea wakwe, na kila aliyemtembelea alionyeshwa. Akapeleka mkono shavuni, penye makovu madogo ya chunusi, akausahau hapo.

"Na mimi?" akauliza bila kugeuka. "Mimi mlinivalisha ngapi?"

Pazia likafunguka. Mama akatoka, mkasi ungali mkononi, akaja kusimama kando ya mumewe. Kwa siku tatu hakuwa amemkaribia kiasi hicho.

"Moja," Tabasamu akajibu, na mkewe, aliyeileta kwa mkono wake mwenyewe, akainamisha uso.