Hita ya Mafuta

Kuna watu ambao hujua jambo kabla ya kuliuliza, na Rael ni mmoja wao. Dereva Mutai alipoingiza hita mpya chumbani kwa Mama Hessa na kumwambia, "Hii ni ya mafuta, inashika joto sana," Rael hakuuliza ni mafuta gani. Kwao Kapsabet, kitu cha mafuta ni jiko la mafuta ya taa, na kulala na jiko katika chumba kilichofungwa ni kujitafutia kifo. Jirani yao mmoja alilala hivyo, na hakuamka.

Basi kila jioni, baada ya kumlaza bibi huyo, ambaye yeye aliajiriwa kumtunza, Rael aliwasha hita, akafungua dirisha lililokuwa juu yake, akavuta pazia. Januari ya Umm Salal, huku nchi ya Waarabu, si ya mchezo, upepo wa jangwani unapenya hadi kwenye mifupa. Mama Hessa aliamka mikono ikiwa baridi kama bomba la maji, na kifua kikaanza kumbana.

Madam, binti yake, aliuliza kulikoni. Hapo ndipo Rael alipopaswa kufunga mdomo.

"Hita ni mbovu, madam. Mutai ametuletea kitu feki."

Ijumaa, siku ya mapumziko, kwenye uwanja wa makanisa kule Mesaimeer, alirudia maneno hayo mbele ya Wakenya wenzake, tena akayatia chumvi: eti Mutai aliiokota hita kwenye mtumba. Watu wakaangua kicheko. Mutai, ambaye ndiye aliyemtafutia Rael kazi, aliiacha chai yake nusu akaondoka.

Kesho yake asubuhi madam aliwaita wote wawili kando ya kitanda cha mama yake. Alimwambia Mutai kwamba mtu anayechezea afya ya mzee hafai katika nyumba hii. Mkataba wake ukiisha, arudi kwao. Kisha simu ikalia, akatoka nje kuipokea.

Mutai aliwasha hita, akangoja, akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa moto. Akakishusha hadi sakafuni, akahisi hewa baridi ikivutwa kuelekea kwenye hita. Halafu akaona pazia linapepea.

"Nani alifungua hii dirisha?"

"Ni mimi. Si ni ya mafuta? Moshi ingetuua."

"Moshi gani, Rael? Hii haichomi kitu. Mafuta imefungiwa ndani, stima ya ukutani inaipasha tu. Hewa ikipita hapa katikati inashika joto, inapanda, inazunguka chumba yote, ikipoa inashuka inarudi huku chini. Sasa wewe ukaifungulia mlango hapo juu iende zake." Alifunga dirisha. "Si ungeniuliza tu?"

Uso umeumbwa na haya, na wa Rael uliwaka kuliko hita yenyewe. Aliona aibu ya dirisha, lakini aibu ya yale aliyoyasema Mesaimeer ilizidi.

Madam aliporudi, Mutai alimwahi Rael kusema. "Tatizo ilikuwa swichi, madam. Nilikosa kuikagua. Sasa iko sawa."

Rael angeweza kunyamaza. Mutai alikuwa ameshamfunika, na madam alikuwa tayari ameitikia kwa kichwa. Lakini kumwona mtu aliyemchafulia jina akijipaka matope kwa ajili yake kulimshinda.

"Si yeye, madam," alisema. "Hita haina shida. Ni mimi nilikuwa nafungua dirisha kila usiku. Nilimsingizia."

Madam alimgeukia Mutai, akamwomba radhi. Ndipo Mama Hessa akamwambia Rael kutoka kitandani, kwa Kiarabu cha polepole alichomzoesha.

"Dirisha nililijua, binti yangu. Nilidhani wewe ndiye unayeona joto, nikasema acha nivumilie."

Rael alipiga magoti, akaishika mikono yake. Ilikuwa imeanza kupata joto, naye hakuweza kuinua uso.