Mstari wa Nyama, Mstari wa Madondo

Kati ya bucha ya Makau na hoteli ya Wacuka palikuwa na ukuta, na katika ukuta huo kidirisha kisicho na kioo, kipana kiasi cha kupitisha sinia. Makau ndiye aliyekitoboa kwa nyundo na patasi, mwaka walipokodi vyumba hivyo viwili katika mtaa wa Ziwani, yeye akiwa ametoka Machakos na visu vyake, Wacuka akiwa ametoka Murang'a na sufuria zake na mtoto mgongoni. Mteja aliingia buchani akachagua kipande anachokitaka. Makau akakipima, akakipitisha kidirishani. Upande wa pili Wacuka akakichoma au akakichemsha, kikaja mezani na ugali na sukuma wiki. Ndivyo walivyoishi. Mtaa ulijaa wanaume waliowaacha wake zao mashambani, na mwanamume wa namna hiyo hanunui nyama mbichi aende kuitazama chumbani. Bucha ililishwa na hoteli, na hoteli ililishwa na bucha.

Ili nyama ya mtu isiende kwa mwingine, walitumia vibao vya mti. Muindi, binamu yake Makau aliyekuwa akichonga wanyama wa kuuzia watalii, aliwachongea kwa mabaki ya mbao zake: hiki twiga, hiki kobe, hiki kifaru. Kila kibao kilikatwa katikati. Nusu ilikwenda na nyama, nusu alibaki nayo mteja. Mchana Wacuka alisimama mlangoni mwa jikoni akaita, "Kobe ni nani?" na mtu mzima mwenye tai akainua mkono, wenzake wakacheka.

Walikula pale watu wa kila namna, na hakuna aliyejua mwenzake anampenda nani serikalini, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mambo yalianza mwaka wa themanini na nane, siasa za ubunge zilipofika. Mbunge wa siku zote alikuwa Mheshimiwa Irungu. Aliyejitokeza kupambana naye alikuwa mwalimu mstaafu, Nalianya. Irungu aliwafanyia watu karamu kwenye uwanja wa mtaa, na nyama yote aliichukua kwa Makau, maana walijuana. Irungu ndiye aliyemtafutia kifungua mimba wa Makau kazi ya udereva. Wiki iyo hiyo Mwalimu Nalianya alipita akisalimia watu, njaa ikamshika, akaingia kwa Wacuka. Akaagiza chapati na maharagwe, madondo kama vijana wa mtaa walivyoyaita, akala na makarani meza moja, akalipa kama wao, akaondoka.

Basi ni hayo tu. Lakini mtaa ulihitaji kitu cha kushika, ukashika hicho. Nyama ikawa Irungu, madondo yakawa Nalianya.

Mwanzoni ulikuwa mzaha. Vijana walikutana kituoni wakaulizana, "Sasa, wewe ni nyama au ni madondo?" Javan, karani wa reli aliyekuwa amekatazwa nyama na daktari, alizomewa kila mchana kwa sababu ya sahani yake ya maharagwe. Akajibu kwamba yeye hana upande, daktari ndiye aliyemchagulia. Hoteli nzima ilicheka, na Wacuka naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

Kisha mzaha ukaota meno. Mzee mmoja aliagiza nyama, waliokuwa mezani wakahama na vikombe vyao. Duka la Magan lilibandikwa picha ya Irungu, naye Magan hakuwa na ujasiri wa kuibandua, basi wanawake wa upande wa Nalianya wakawa wanatembea mpaka soko la Kariokor kununua chumvi, wasije wakaonekana kwa Magan. Wa upande wa Irungu nao wakaacha kununua mboga kwenye kibanda cha ng'ambo, ati mwenye kibanda alimpigia mwalimu makofi. Ukitaka kujua mtu atasimama na nani, ulitazama tu mfuko aliobeba umetoka wapi. Mtaa mzima ulijifunza kusoma hivyo, na waliosoma haraka kuliko wote ni wale waliokuwa wakiitana ndugu.

Hapo ndipo kidirisha kilipoanza kukauka. Watu wa Irungu waliendelea kununua kwa Makau, lakini hawakutaka nyama yao ipitishwe kwa mama wa madondo. Waliibeba wakaenda kuchomewa kwingine, na baadaye wakaona ni heri wanunue huko huko. Watu wa Nalianya walikula kwa Wacuka, lakini nyama ya Makau hawakuigusa, na mtu hawezi kuishi kwa maharagwe mwezi mzima, nao wakapungua. Wacuka alimwona Makau jioni akiwafukuza nzi kwenye paja la ng'ombe lililoanza kubadilika rangi. Asubuhi lilikuwa halipo, na mbwa wa mtaa walikuwa wamelala wameshiba.

Hawakulizungumza. Wacuka alijua Makau angesimama na Irungu, kwa ajili ya kijana wake. Makau alijua Wacuka angesimama na Nalianya, kwa ajili ya binti yake Jecinta. Walimu wengine walikuwa wamemkatia tamaa mtoto huyo, wakasema kichwa chake ni kizito. Nalianya alimkalisha kando kila jioni mwaka mzima, na siku Jecinta alipomsomea mamaye jina lililokuwa kwenye mfuko wa unga, Wacuka alikaa chini sakafuni akalia. Mambo ya namna hiyo hayahitaji kuelezwa kwa jirani. Makau alikuwa akikata maini kidogo akayapitisha kidirishani. Wacuka alimpitishia chai.

Mwaka ule hapakuwa na karatasi za kura. Wanachama walitakiwa waende uwanjani, kila mmoja asimame nyuma ya picha ya mtu wake, wahesabiwe wakionekana na kila jicho. Mlolongo, ndivyo ulivyoitwa. Wacuka aliliwaza jambo hilo akisonga ugali ambao haukuwa na mlaji. Akaona kwamba watu wa Irungu ndio waliokuwa wakila nyama, na waliyemkimbia ni yeye, si Makau. Kama wangemwona kwa macho yao amesimama katika mstari wao, wangerudi mezani kwake, na wakirudi mezani wangerudi buchani. Alimwomba Mungu amsamehe kwa ajili ya mwalimu. Akajiambia kwamba mstari wa mwalimu ni mrefu, hautapungua kwa kumkosa mama mmoja.

Siku yenyewe alivaa aproni ya kazi juu ya gauni la kanisani, ili asiwepo wa kusema hakumtambua. Uwanja wa shule ulikuwa umefurika. Alipoelekea upande wa picha ya Irungu watu walimpisha, na kijana mmoja aitwaye Okumu, aliyekuwa akipanga mstari, akasema kwa sauti, "Karibu mama, umechelewa lakini umefika. Madondo yamekushinda?" Wakacheka. Wacuka alitazama kisogo cha aliyekuwa mbele yake, akajikaza. Geti likafungwa. Ikatangazwa kwamba atakayetoka mstarini kura yake imepotea na atashikwa kama mleta fujo.

Ndipo alipogeuza macho kutazama mstari wa Nalianya. Ulikuwa umezunguka madarasa ukafika vyooni. Katikati yake, mahali ambapo kila mtu angemwona, alikuwa amesimama mwanamume mwenye koti jeupe la bucha lenye madoa ya damu. Makau alikuwa amelivaa makusudi, kama yeye alivyovaa aproni. Alikuwa akimtafuta Wacuka katika mstari huo wa Nalianya, anainua shingo, anatazama mbele, anatazama nyuma, uso wake una tabasamu dogo la mtu aliyebeba zawadi. Kisha akatazama ng'ambo.

Hakuna aliyeweza kusogea. Walitazamana juu ya nyasi zilizokanyagwa, huku watu wakihesabiwa kwa kuguswa bega. Wacuka aliona lile tabasamu likiondoka taratibu. Alitaka kumpungia mkono, lakini mkono uliopungwa kutoka mstari huu kwenda mstari ule ungekuwa na maana gani siku kama ile? Akaukunja ndani ya aproni. Mwalimu Nalianya naye alikuwa pale mbele, kando ya picha yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha mwona Wacuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na hakutazama upande huo mara ya pili.

Msimamizi alipanda juu ya kiti akatangaza kwamba Mheshimiwa Irungu ameshinda kwa kishindo. Watu waliuangalia mstari mfupi, wakauangalia mstari uliozunguka madarasa, wakamwangalia yule bwana kitini. Askari walikuwa wengi. Mstari mrefu ukavunjika polepole, watu wakaenda makwao kama wanaotoka mazikoni, na Wacuka akaelewa kwamba kura yake haikuhitajiwa na mtu yeyote. Hata wale aliosimama nao hawakuwa na haja nayo.

Kesho yake alipika kama kawaida, akangoja. Watu wa Nalianya walipita mlangoni mwake wakitema mate chini, si kwa fujo, kwa huzuni tu. Watu wa Irungu hawakuja. Okumu aliwaambia vijana wake kwamba mama aliyehama mara moja atahama mara mbili, na mtu kama huyo usimwachie akupikie. Kule buchani mambo yalikuwa vilevile. Wa Irungu walimwita Makau mwizi wa fadhila, na kijana wake akatolewa kwenye ile kazi ya udereva kabla wiki haijaisha. Wa Nalianya walisema alitumwa kuwahesabu, maana mtu wa nyama angefuata nini kwao? Mtaa ambao haukukubaliana juu ya jambo lolote ulikubaliana juu ya hao wawili.

Siku kadhaa kidirisha hakikupitisha hata chai. Mwishowe Wacuka aliweka viwiko vyake kwenye kidirisha.

"Baba Kalekye," akamwambia Makau, "kwa nini hukuniambia?"

Makau alikuwa akinoa kisu kisichokuwa na cha kukata. "Ningekuambia ungenikataza."

"Ningekukataza."

"Nilisema moyoni, wakiniona kule kwenu watasema hii nyumba ni moja. Watakula nyama. Utapata wa kuwapikia." Akajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. "Na wewe, Mama Jecinta? Kwa nini hukuniambia?"

Wacuka alifuta ukingo wa kidirisha kwa ncha ya aproni.

"Ungeniambia," Makau akasema kwa upole, "ningekufungia mlango kwa nje."

Alikuwa amemhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Wacuka zaidi. Angemtukana angepata pa kushika. Watu wawili walikuwa wametoa kila mmoja kitu alichokipenda, na viwili hivyo vilipokutana katikati ya uwanja havikuzaa kitu. Wacuka alikuwa amelelewa kuamini kwamba wema hauozi. Akausikia umeoza mbele yake, kama lile paja la ng'ombe.

Makau alifunga bucha mwisho wa mwezi. Alipata kibarua cha kupakia mizigo katika kiwanda huko Baba Dogo, kazi ya kijana, na yeye mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Aliondoka na visu vyake tu. Vile vibao vya Muindi, nusu zile na nusu hizi, alivifunga kwenye karatasi ya nyama akavipitisha kidirishani. Wacuka alivipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto.

Aliyechukua chumba alikuwa kijana mwenye heshima, naye alitaka kuuza nyama. Kabla hajatundika hata kulabu moja alikuja hotelini akasalimia, akasema, "Si kwa ubaya, mama. Wateja wameniuliza kama hilo dirisha litabaki." Wacuka akamwambia afanye atakavyo. Mchana ule akasikia misumari ikigongwa, na mwanga uliokuwa ukiingia jikoni kutoka upande wa bucha ukapungua kwa upana wa mbao, mbao baada ya mbao, mpaka ukaisha.

Siku hizo alikuwa akipika chai na mandazi tu, ya kuwauzia wapita njia wasiomjua, nao walikuwa wachache. Mwalimu Nalianya alipita mara moja. Alimsalimia kwa kuinua kofia, kama mtu anavyomsalimia mama asiyemfahamu, akaendelea na safari yake. Angalau angeuliza. Wacuka alikuwa na jibu.

Asubuhi moja ya mvua makaa yalikuwa mabichi, jiko halikutaka kushika. Wacuka alitafuta cha kuwashia, hakupata. Akafungua ile karatasi ya nyama. Alianza na twiga. Kikafuata kifaru, nusu na nusu yake. Kobe alimshika kwa muda, akazilinganisha nusu zake mbili, zikaingiana vizuri kama siku zilipochongwa. Kisha naye akamtia motoni. Vibao vile vilikuwa vimekunywa mafuta ya nyama miaka yote hiyo. Vikawaka kwa moto mkubwa wa manjano, na harufu ya nyama choma ikajaa hoteli, ikatoka mlangoni, ikashika barabara, kama mchana wa zamani ambapo hata nafasi ya kusimama haikuwapo.

Kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa ni Javan wa reli, amekunja mwavuli, pua juu. Wacuka hakuwa amemwona tangu siku ya mlolongo.

"Mama Jecinta," akasema kwa sauti ya chini, "leo kuna nyama?"

"Hakuna."

Javan alitazama meza tupu, akatazama kidirisha kilichopigwa mbao. Ilionekana kama alikuwa na neno jingine, labda mzaha, labda la maana. Lakini kwanza aligeuka akachungulia barabarani, upande huu, kisha upande ule, aone kama kuna aliyemwona amesimama pale. Akafungua mwavuli wake, akavuka.