Raba Iliyobaki kwenye Injini

Jina la baba mkwe wangu silitaji, hata leo. Nikilazimika kumsema nasema mzee, basi. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hapiti mbele yake, hasemi naye, na akisikia kikohozi chake anatafuta pa kujificha. Naanza na hilo kwa sababu najua kuna watu watasema, "Si ungemwambia tu, Lucy?" Ungemwambia tu! Mimi nimezaliwa Mbeya mjini, kwenye gereji ya baba yangu pale Mwanjelwa, na mdomo ninao. Waulizeni walionioa.

Ilikuwa Aprili, mwaka wa tisini na tatu, na mvua ya Kyela mnaijua, haiombi ruhusa. Tulikaa Talatala, nyumba mbili ndani ya uwanja mmoja: ya wakwe mbele, yetu nyuma, jiko langu la mianzi katikati ya migomba. Mume wangu Ezra alikuwa amevuka mpaka wa Kasumulu kupeleka mchele Karonga, na hakutarajiwa mpaka Jumamosi. Nyumbani tulibaki mimi, wakwe zangu na mtoto wetu Angetile, miaka miwili na nusu.

Angetile alikuwa na homa siku ya tatu. Asubuhi ile nilipomgeuza kiganja nikakiona cheupe, hakina hata tone la wekundu. Nilimbeba mbio mpaka zahanati. Muuguzi alimfunua jicho, akamsikiliza anavyohema, akaniambia, "Mama, huyu anahitaji damu. Mpelekeni hospitali Tukuyu leo. Nimesema leo, si kesho."

Gari lilikuwepo moja tu kijijini, pikapu ya mzee. Alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika kwa miaka ishirini, mpaka chama kikafa, ndipo akanunua hiyo Datsun kuukuu. Mama mkwe, Maria, alimpelekea habari, na mzee wala hakusita. Nilimsikia akijibu kwa sauti, ili nami kule jikoni nisikie bila kuambiwa: "Tunakwenda. Ila oili ya gari hili imekuwa lami. Nikipanda nayo mlima wa Tukuyu injini itakufa njiani na mtoto mikononi. Nipeni nusu saa niibadilishe."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma, alikuwa sahihi kabisa.

Nilitakiwa nimpe mgongo. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto ndani akimkanda kwa kitambaa cha maji, nami niliambiwa nichemshe uji wa safari. Lakini mtu aliyelelewa gerejini akisikia spana inagonga chuma, shingo inageuka yenyewe. Nikachungulia kati ya mianzi. Sikumtazama yeye, nilitazama mikono, na Mungu ndiye shahidi wangu.

Aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Akaliacha gari lingurume kidogo ili oili ilainike, akazima, akaingia chini na karai. Akafungua nati, oili ikashuka nyeusi tii. Oili ilipoisha kushuka akaikaza nati, akaliweka karai pembeni, maana oili chafu haitupwi kwetu, hupakwa nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Kisha akalizungusha chujio la oili la zamani kwa kipande cha mpira wa baiskeli mpaka likalegea, akalitoa, akalirusha kwenye migomba. Likaja kuangukia karibu na mlango wa jiko langu.

Chujio jipya alilinunua wiki hiyo dukani kwa Muksini, Mbugani. Siku hizo biashara zilikuwa zimefunguliwa, na vitu ambavyo zamani dereva aliviota tu sasa vilining'inia ukutani ndani ya maboksi. Mzee akaipaka raba ya chujio, ile pete ya mpira inayoziba oili isivuje, oili safi kwa kidole, akalifunga kwa mkono, taratibu, kama inavyotakiwa. Akamimina oili mpya, akapima kwa kijiti, akaridhika. Nami nikaridhika. Nikatoka kuokota lile la zamani, watoto wa jirani wasije wakalichezea.

Mdomo wa chujio ulikuwa mtupu. Chuma kitupu, hakina raba.

Marehemu baba yangu alikuwa hamwachi fundi afunge chujio jipya mpaka amwonyeshe la zamani likiwa na raba yake. Kama haipo, imeng'ang'ania kwenye injini. Ukifunga jipya juu yake zinakuwa raba mbili, moja juu ya nyingine, na mbili hazikai. Gari likisimama unaona liko salama. Likianza kuvuta mzigo, oili inazisukuma nje na kumwagika yote barabarani.

Na mzee hakufanya uzembe. Lile lori la ushirika lilikuwa na chujio la namna ya zamani, la kuosha kwa petroli na kurudisha. Raba yake ilikaa juu kwenye injini miaka nenda miaka rudi, na ole wako uiguse, maana ikikatika wakati ule wa uhaba hupati nyingine nchi nzima. Miaka ishirini mkono wake ulifundishwa kuiacha raba ilipo. Hii Datsun ilikuwa mara yake ya kwanza kuibadilishia oili.

Nikakimbilia ndani kwa mama mkwe na chujio mkononi. Nikamweleza kwa pumzi moja. "Mama, mwambie aangalie. Ni dakika tano tu."

Mama mkwe hakulitazama chujio. Alinitazama mimi. "Umejuaje kilichopo chini ya gari?"

Nikamsogezea chujio karibu.

"Lucy, nimekuuliza. Mume wangu amelala chali pale, kifua wazi, na wewe ulikuwa wapi?"

"Mama, mtoto..."

"Nikamwambie nini? Kwamba mkamwana wake alikuwa anamchungulia? Leo, na mtoto yuko hivi? Unataka kumwongezea mtoto mkosi?" Hakuwa mbaya, alikuwa anaogopa, na aliyeogopa hasikii fundi. "Mzee ameendesha magari kabla hujazaliwa. Lete uji."

Nikatoka. Nikasikia maji yanamwagika kisimani, mzee ananawa. Gari lilikuwa peke yake uwanjani, na ule mpira wa baiskeli uko juu ya tairi. Nikajiambia, Lucy, ingia chini wewe mwenyewe. Legeza chujio, chomoa raba, kaza. Mbona ulikuwa unafanya ukiwa na miaka kumi na miwili? Nikavua kandambili, nikatembea mpaka kona ya nyumba. Hatua saba zilibaki, nilizihesabu.

Mzee akakohoa.

Alikohoa kwa heshima, kunijulisha kwamba anakuja, nisije nikaaibika. Na miguu yangu, laana iwe juu yake, ikanirudisha jikoni kabla sijaiamrisha. Nilisimama nyuma ya mianzi nikihema, na chujio nimelikumbatia kifuani, gauni lote limechafuka oili.

Akawasha gari. Likanguruma vizuri. Akainama chini kuangalia kama linavuja, nami nikainama kwangu. Halikuvuja hata tone. Akakanyaga mafuta kidogo, likaitika, bado kavu. Hapo ndipo nilipojidanganya. Nikasema pengine raba ilitoka ikaanguka kwenye karai. Pengine baba alitia chumvi. Wewe nani, mwanamke wa jikoni, umfundishe dereva wa miaka ishirini? Nilikuwa najua. Nawaambia nilikuwa najua, na nikauvaa ule uongo kwa sababu ulinifaa.

Mimi sikuruhusiwa kupanda. Mkamwana na baba mkwe ndani ya gari moja, nani ameona wapi? Mama mkwe akapanda na Angetile mapajani. Nilimbusu mtoto nyuma ya nyumba kabla hajabebwa. Alifumbua macho akasema, "Mama, twende." Nikamwambia natangulia kufunga mlango, nakuja.

Gari likatoka getini. Nilikuwa na nafasi moja bado, ya kupiga kelele. Nikafungua mdomo. Huu mdomo ninaojisifia, uliokwisha kuwatukana madalali wa mchele mpaka wakakimbia, haukutoa kitu.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mvua ilinyesha ikakatika. Nilishtuliwa na Jackson, muuza mandazi, akinisalimu kutoka kwenye baiskeli yake. "Mama Angetile, ugonile! Hilo gari la mzee vipi? Barabarani kuna mstari wa oili kuanzia darajani. Nimeteleza nusura nivunje shingo."

Nilikimbia. Sikufunga mlango, sikuvaa kitu miguuni. Nilipofika darajani nikauona, mstari mwembamba juu ya tope, unang'aa rangi zote. Mbele kidogo ukawa mpana. Kwenye mashamba ya kakao ukawa unafunika upande mzima wa barabara, na mvua imeutawanya mpaka mtaroni. Nilipita nyumba, nikapita watu, wakaniita, sikuitika. Hakuna gari lililonipita, la kwenda wala la kurudi. Nilikuwa namwita Mungu, "Kyala, Kyala," na hata kumalizia sala nilishindwa.

Niliwakuta kwenye kilima cha kwanza, kile kidogo, mlima wenyewe hata hawajaufikia. Boneti iko wazi na injini inatoa moshi. Mama mkwe amekaa kwenye majani kando ya barabara, na amemfunika Angetile kwa khanga mwili mzima, mpaka usoni. Nilipoiona ile khanga usoni nilijua. Nikapiga magoti palepale nikamchukua. Alikuwa mwepesi, na bado alikuwa na joto kidogo mgongoni. Kelele niliyoshindwa kuipiga nyumbani ilitoka hapo, na haikuwa na kazi tena.

Nilipoinua kichwa mzee alikuwa amesimama mbele yangu. Hakugeuka. Nami sikujificha, ningejificha nini tena? Mikono yake ilikuwa imeungua kwa kushika injini. Aliinama akaokota kitu kwenye tope, lile chujio. Nilikuwa nimekimbia nalo njia nzima bila kujua. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa chujio, akakizungusha mara moja, akarudia polepole. Uso wake ukabadilika.

"Uliliona lini?" Aliniuliza mimi, mwenyewe, macho kwa macho.

"Kabla hujawasha gari, baba."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia.