Jina Alilolikalia Mukankusi

Haya alinihadithia wifi yangu Mukankusi mwenyewe, mwaka jana tukipura mtama uani kwake, hapa Byumba, Rwanda. Hakunihadithia kwa mdomo, maana ni kiziwi tangu utoto. Alinihadithia kwa mikono, akiweka fimbo ya kupuria chini kila alipofika mahali pagumu. Na mimi, macho yangu ya kizee yalimrudisha nyuma mara kwa mara: hebu rudia hapo, wifi. Akarudia.

Kazi yake ilikuwa kulea wakalimani wa lugha ya ishara. Shule iko mlima wa pili, na wanafunzi huja kutoka nchi za watu: Burundi, Kongo, Uganda, mmoja alitoka hata Malawi. Shuleni walisoma vitabu. Kwa Mukankusi waliletwa mmoja mmoja kukaa naye, kupika naye, kulima naye, na sheria ilikuwa moja: sauti inabaki mlangoni. Hata ukijikwaa kidole, unalia kwa mikono.

Mume wake alishafariki na watoto hawakujaliwa. Mimi ishara nimejifunza uzeeni tu; sisi watu wa mlima huu tulikuwa tunampungia mkono, basi, tunapita. Kwa hiyo mwanafunzi akiwapo, nyumba ina mazungumzo. Akiondoka, Mukankusi anabaki na mbuzi. Wale walioondoka humpigia simu ya video miezi ya mwanzo, halafu mikono yao inashika lafudhi ya huko walikokwenda, maana kila nchi ina ishara zake, na yeye anabaki kuitikia kwa kichwa mambo asiyoyaelewa.

Wa mwisho alikuwa Inamahoro, Mrundi kutoka mji wa Ngozi.

"Mikono yako ina kigugumizi," Mukankusi alimwambia juma la kwanza. "Unaongea kama mtu anayefukuza kuku."

"Mbona kuku wako wananielewa, mama?"

Wakapatana hapo hapo.

Sasa viziwi wana desturi yao. Mtu anayesikia hajipi jina la ishara, anapewa na kiziwi. Na kwa wakalimani, jina la kazi hutolewa na mwalimu kiziwi aliyekulea, siku anapoona umeiva. Bila jina hilo, shule haikuruhusu kusimama kati ya daktari na mgonjwa. Wenzake waliolelewa na viziwi wengine walipewa mapema. Mvua za masika zilikuja zikaisha, Inamahoro hajapewa.

"Bado tu?" aliuliza wakimenya viazi.

"Bado. Uso wako umelala. Mikono inasema mvua, uso unasema jua."

Basi Inamahoro akawa anasimama mbele ya kioo kidogo cha dirishani, anakunja uso, anakunjua, anakunja tena. Hapo wifi yangu aliweka fimbo chini. "Uso wake haukuwa na kasoro yoyote," akaniambia.

Jioni moja Mukankusi alikuwa nje anafunga mbuzi. Ndani taa inawaka, na Inamahoro ameegemeza simu kwenye sufuria, anaongea na mtu. Mimi na wewe tungelazimika kusogea kutega sikio. Kiziwi anatazama tu, na mikono iliyo kwenye mwanga inasomeka mpaka zizini, na ishara za Ngozi hazipishani sana na za hapa. Mukankusi hakumwona aliyekuwa kwenye simu, aliyaona maneno ya Inamahoro peke yake.

"Sijapewa, Kaneza," mikono ilisema. "Hapana, mwalimu hana kosa. Mimi ndiye mzito." Ikatulia, ikaendelea. "Najua tumbo limeshuka. Usiseme hivyo. Yule wa kwanza hakufa kwa kosa lako. Walikuwa wanakwambia sukuma, na wewe ukadhani wanakugombeza. Mke wa kaka yangu hatazaa tena peke yake. Nitafika. Nikichelewa, mshike nesi mkono, usimwachie."

Miezi yote ile Inamahoro hakuwa amemwambia mwalimu wake kwamba ana wifi kiziwi anayemsubiri.

Kamba ilimponyoka Mukankusi, mbuzi akaingia kwenye maharage. Hakumfuata. Alingoja simu izimwe, akaingia, akapiga mguu sakafuni, ndivyo wanavyoitana. Inamahoro alipogeuka, Mukankusi akapuliza ncha za vidole vyake, kisha akavifungua.

Inamahoro akaangalia vidole vyake mwenyewe.

"Ndilo jina lako. Unavyopuliza vidole kwa baridi kabla hujaanza kusema. Ninalo tangu juma lako la kwanza."

Inamahoro alikaa kigodani.

"Sasa mbona umenikunjisha uso mbele ya kioo kama nyani?"

"Ukipata jina, unaondoka."

"Ungeniambia unaogopa kubaki peke yako."

"Ungebaki?"

"Nisingebaki, mama. Lakini ningejua."

Asubuhi Mukankusi alimfungia viazi vitamu vya njiani, akaenda naye shuleni kuonyesha lile jina mbele ya walimu, akamsindikiza mpaka barabarani. Akarudi kuhangaika na maharage yaliyokanyagwa. Kuanzia hapo alilala na simu kifuani, ili ikitetemeka aamke. Usiku wa kwanza haikutetemeka, wala uliofuata.

Ilitetemeka jioni moja wakati anakula. Kwenye kioo cha simu alimwona Inamahoro kwenye korido ya hospitali, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akageuza simu: kitoto kimefungwa khanga, mdomo wazi kabisa.

"Analia," Inamahoro alisema. "Analia mpaka wodi nzima inalalamika."

"Na mama yake?"

"Amelala. Alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Huyu naye akishanyonya atalala, na mimi nitajilaza hapa hapa kwenye benchi. Mama, nilitaka kukwambia..."

Akapuliza vidole, na mtandao ukakatika hapo hapo. Picha iliganda: vidole vimekusanyika mbele ya mdomo, havijafunguka.

Mukankusi alisubiri. Chakula kikapoa. Alipuliza vidole vyake mwenyewe mbele ya ile picha, akavifungua, akalimalizia lile jina. Kioo kilipozimika, aliinuka akafunga mlango, akazima taa, akajifunika blanketi na simu kifuani, na baada ya kugeuka geuka sana, akalala.